Gitaa la Nyuma

Mtu akikuuliza nani alipiga gitaa katika wimbo fulani, hakuulizi habari ya rithimu. Anauliza solo. Rithimu ni lile gitaa la nyuma linalokwangua chaka-chaka tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha, na hakuna mtu aliyewahi kuvaa viatu akatoka kwake kwenda kulisikiliza. Lizime, wimbo wote unalegea. Liache, hakuna ajuaye kama lipo. Hawavumi lakini wamo, ndivyo tunavyowafariji watu wa namna hiyo, na mimi sijaona aliyenenepa kwa faraja hiyo.

Munga alikuwa mpiga rithimu. Alfajiri aliuza nazi kwa jumla sokoni Kongowea, na mwisho wa wiki alisimama nyuma ya bega la Kalama katika Orchestra Majaoni, bendi iliyozunguka mahoteli ya Shanzu na kumbi za Kisauni zaidi ya miaka ishirini. Kalama ndiye aliyekuwa solo. Kalama alinunuliwa bia, Kalama alipigwa picha, Kalama aliitwa kwenye meza za mbele na wageni waliotaka kumshika mkono. Na Kalama ndiye aliyekufa, Mungu amrehemu. Presha ilimwangusha bafuni na hakufika hospitali.

Siku ya maziko, huko kwao Mwakirunge, mshereheshaji aliwaita wanabendi waje mbele waonekane. Akamtaja mpiga besi, mpiga dramu, mwimbaji, hata yule aliyekuwa akibeba spika. Munga alitajwa mwisho kabisa, tena baada ya mtu kumnong'oneza mshereheshaji sikioni. "Na huyu bwana... huyu aliyekuwa akisimama na Kalama." Watu wakacheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka matangani wakipata nafasi, na Munga akacheka nao. Lakini ilimchoma. Asikwambie mtu haikumchoma.

Ambaye hakucheka wala hakulia ni Chengo, kaka yake Kalama. Ndugu hao walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na Chengo alikuja kuzika kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi mahakamani. Alitupa udongo wake kaburini, akapangusa mikono, akaondoka kabla ya chakula. Wanawake walimsema mpaka jua likatua.

Sasa, Wagiriama hawamalizani na marehemu kwa siku moja. Kuna hanga la kuzika, na baada ya miezi kuna hanga la pili la kumalizia, ambapo jamaa wanakutana tena, wanakula, wanacheza, na aliyekufa anaruhusiwa kwenda zake. Jioni ile ya maziko Rispa, mjane wa Kalama, alimvuta Munga kando.

"Siku ya kumaliza hanga nataka gitaa la Kalama lilie hapa uani," alisema. "Ule wimbo wenu wa kufungia. Sitaki tuagane naye kwa disko tupu la vijana."

"Litalia, shemeji," Munga akajibu, kwa kuwa siku ya maziko mtu hajibu vingine.

Alipofika kwake Utange ndipo alipoanza kujiuliza litalia vipi. Wimbo wa kufungia haukuwa na maneno. Ulikuwa magitaa matupu, na bendi iliupiga kila mwisho wa onyesho watu wakitafuta viatu na mikoba yao. Haukuwahi kurekodiwa. Kila mwaka Kalama alisema wataingia studio mwezi ujao, na mwezi ujao una tabia ya kutofika. Kilichobaki ni vipande vya video kwenye simu za watu, ambamo unasikia glasi, vicheko, na mlevi mmoja akiuliza choo kiko wapi.

Na wenzake nao walikuwa wamekwisha kutawanyika. Anwar, mpiga besi, alikuwa askari wa duka kubwa huko Doha. Mpiga dramu ameokoka, hagusi nyimbo za dunia hata kwa fimbo. Mwimbaji alikuwa Malindi akiimba harusini, na simu yake iliita mpaka ikachoka. Basi akabaki Munga na gitaa lake la nyuma.

Lakini alimjua Kalama pigo kwa pigo. Huwezi kusimama nyuma ya mtu miaka yote hiyo usimwibe. Kila Kalama alipokuwa akipanda na kushuka kwenye nyuzi, Munga alikuwa akimfuata moyoni, na vidole vyake vilijua kila kona. Kama angepata namna ya kupiga magitaa yote mwenyewe, moja juu ya jingine, wimbo ungepatikana.

Kulikuwa na jambo jingine pia, ambalo hakumwambia mtu. Wimbo huu angeupiga yeye peke yake. Kwa mara moja katika maisha yake, mtu akiuliza nani alipiga gitaa, jibu lingekuwa Munga. Alilitamani jambo hilo kwa njaa iliyomtia haya, maana njaa yenyewe ilikuja na kifo cha rafiki yake.

Wapigaji gitaa wana kifaa wanachokiita prosesa. Ni kisanduku bapa cha chuma chenye pedali za kukanyaga na kioo kidogo, na kazi yake ni kuigiza amplifaya. Unachomeka gitaa, unachagua, na kisanduku kinatoa sauti ya amplifaya kubwa ambayo hujawahi hata kuiona, kisha unaunganisha waya kwenye simu na simu inarekodi. Kwa mtu mpweke ni bendi nzima. Mpya haigusiki kwa bei, lakini Munga alipata habari kwamba kuna kijana wa Likoni aitwaye Luqman, mpiga kinanda kwenye taarabu za harusi, anayo ya mtumba. Akauza baiskeli yake, akauza na kiamplifaya chake kidogo kilichokaa chini ya kitanda, akafunga gitaa ndani ya shuka, akavuka kwa feri.

"Karibu, mzee wangu," Luqman alimpokea, "lakini wallahi umekuja na nuksi. Stima zimepotea sasa hivi."

"Sinunui kitu bila kukisikia."

"Wala hupaswi. Twende kwa Nicanor, ana sola."

Nicanor alikuwa kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, lakini alikubali kuchomoa muziki wake na kuwapa spika. Prosesa ikawekwa sakafuni katikati ya nywele. Ilikuwa imechubuka kila pembe, na kitufe kimoja cha kuzungusha kilikuwa kimeng'oka, mahali pake pamegundishwa kizibo cha soda. Munga akakaa kwenye benchi, akalitoa gitaa kwenye shuka na kuanza kupiga alichokijua zaidi. Chaka-chaka, chaka-chaka. Sauti ilitoka safi, kila uzi mahali pake. Alifumba macho. Alikuwa hajawahi kujisikia vizuri namna hiyo.

Mteja wa nusu kichwa akavumilia kidogo, kisha akauliza, "Sasa huo wimbo waanza saa ngapi?"

"Ndio huu," Munga akasema.

"Hiyo si unajaribu tu?"

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Munga akamtazama mtu yule kwenye kioo, akabadili mkono, na kwa hasira tu akapiga kipande cha Kalama, kile cha kupanda kinachoanza mapema kabla hakijaitwa. Mashine ya Nicanor ikanyamaza hewani.

"Eeh!" mteja akasema. "Hilo sasa ndilo gitaa."

Munga alisikia raha na uchungu kwa pamoja, na uchungu ulikuwa mkubwa. Akailipia prosesa. Luqman akaifunga kwa gazeti na kumwambia garanti yake ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Alikaa kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mlango wake wa mwisho kushoto, peke yake tangu mkewe Gladys alipochoka na mume wa mwisho wa wiki akaenda kuolewa Voi na mtu anayelala usiku. Soko la jumla huisha mapema, kwa hiyo alasiri zote zilikuwa zake. Alirudi, akaoga vumbi la makumbi ya nazi, akafunga mlango, akavaa hedifoni, na kuingia kazini.

Ngoma zilikuwamo ndani ya kisanduku chenyewe. Besi aliipiga kwa gitaa lake lile lile. Kisanduku kikalishusha sauti mpaka likanguruma. Rithimu aliirekodi kwa mkupuo mmoja bila kukosea, kwa sababu hiyo ilikuwa kama kuvuta pumzi. Kazi ikabaki kwa Kalama.

Mapigo alikuwa nayo. Kilichomshinda ni sauti. Amplifaya ya Kalama ilikuwa kuukuu, spika yake ilipasuka siku moja ikazibwa kwa plasta ya kidonda, na tangu siku hiyo nyuzi nene zikawa zinakoroma kidogo kila zikiguswa. Kalama hakuitengeneza. Alisema ndiyo sauti yake. Sasa prosesa ilikuwa na majina mengi ya amplifaya za Ulaya na Marekani, na Munga alizipitia zote alasiri baada ya alasiri, na zote zilikuwa na kasoro moja: zilikuwa nzima. Hakuna aliyekaa kiwandani akafikiria kuigiza plasta.

Dawa ikawa kuiharibu. Akachukua amplifaya ya bei rahisi kuliko zote, akapunguza ukali wake, akakata sauti za chini, akaongeza ule mkwaruzo wa kupindukia kiasi cha chumvi ya kuonja, akatia na mwangwi kidogo wa ukumbi wenye vigae. Akazungusha kile kizibo cha soda, akarudisha, akazungusha tena. Alasiri moja akaugusa uzi mnene, na ukakoroma.

Munga aligeuka nyuma. Aligeuka kabla hajafikiri, kama mtu aliyeitwa jina lake mlangoni. Palikuwa na ukuta, kalenda ya duka la simenti, na shati lake msumarini. Akavua hedifoni. Chumba kilikuwa kimya. Akiugusa uzi, ulitoa kimlio kidogo kikavu kisichofika hata mlangoni. Akazivaa tena, na Kalama akawepo. Akazivua, na Kalama hayupo. Alifanya hivyo mara kadhaa, kisha akaziweka kitandani na kulia, mtu mzima, huku ameshika gitaa.

Siku hizo Bi Mwanarehema, jirani yake, alikuwa akikaanga viazi karai kwenye baraza ya nyumba. Alimwona Munga akitoka kujaza ndoo, akamsimamisha.

"Munga, waumwa?"

"Siumwi, Bi Mwanarehema. Kwa nini?"

"Mbona n'nakuona waingia na kujifungia, na gitaa silisikii? N'nasikia tiki-tiki, kama panya yuwatafuna mlango."

"Napiga, bibi. Ila sauti sasa inaingia humu masikioni tu. Kile kidude changu cha zamani nilikiuza."

"Ala! Yamekula masikio yako peke yao, na sisi majirani je?" Akageuza viazi kwenye mafuta. "Zamani ukipiga n'kikasirika, wallahi, n'kisema huyu mtu hana kazi. Sasa n'naketi hapa kimya kimenijaa. Ukimaliza utusikizishe."

"Inshallah," Munga akasema, akarudi ndani.

Sauti ilipopatikana, solo haikumchukua muda. Lakini hapo ndipo lilipomkuta jambo ambalo hakulitarajia. Ili arekodi solo ilimbidi asikilize rithimu yake mwenyewe masikioni, na kupiga juu yake. Miaka yote alikuwa amesimama nyuma akimtazama Kalama mgongo. Sasa alikuwa mbele, mahali pa Kalama, na nyuma yake alikuwapo Munga. Na Munga hakutikisika. Solo ikikimbia, yupo, ikichelewa, yupo, ikirukia pasipo na kitu, chini pana mtu ameshika. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akijisikia yule mshenzi, Munga aliwaza, na siku zote hakuniambia.

Akaamua kitu. Katikati ya wimbo, pale Kalama alipokuwa akizidisha mbwembwe, solo ingenyamaza. Besi ingeshuka, ngoma zingepungua, na rithimu ingebaki peke yake, muda wa kutosha mtu kuisikia na kujua kwamba ni gitaa, na kwamba lina mwenyewe. Kisha Kalama angerudi na kuumaliza wimbo. Alikirekodi kipande kile upya, mara nyingi, mpaka kikakaa. Hakikuwa na ufundi wa kujionyesha. Kilikuwa chaka-chaka, lakini ndani yake aliweka kila kitu alichokuwa nacho: nazi za alfajiri, mlango wa mwisho kushoto, na rafiki aliyempenda kuliko ndugu na kumwonea wivu kuliko adui. Aliusikiliza wimbo wote kitandani amefumba macho, akajiambia kuwa siku ya hanga, kabla haujapigwa, atashika kipaza sauti na kusema yeye mwenyewe: huu ni wimbo wa rafiki yangu, na magitaa yote ni mimi.

Siku ya kumaliza hanga Mwakirunge ilikuwa imefurika. Turubai zilikuwa zimefungwa, masufuria yako juu ya mafiga nyuma ya nyumba, na upepo ulipogeuka ulileta moshi wa jalala ambao hakuna aliyeujali. Kijana wa Utange aitwaye Changawa ndiye aliyekuwa dijei na ndiye aliyekuwa mshereheshaji, kazi mbili kwa mdomo mmoja. Chengo alikuwapo. Yeye sasa ndiye mkubwa wa mji, na hanga halimaliziki bila yeye, kwa hiyo alikuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki na wazee, fimbo mapajani, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Watu waliongea naye kwa adabu na kumkwepa kwa adabu.

Munga alimkabidhi Changawa simu, na Changawa akaichomeka kwenye mitambo yake.

"Ngoja kwanza nishike kipaza sauti niseme neno," Munga akamwambia.

"Utasema, mzee. Acha niangalie kama inatoka."

Akabonyeza. Ilitoka. Ngoma, besi, halafu lile gitaa linaloanza mapema kabla halijaitwa, na uzi mnene ukakoroma kwenye spika kubwa, uwanja mzima ukausikia.

Chengo alisimama. Fimbo ilianguka na hakuiokota. "Huyo ni Kalama," akasema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wazee wote walimgeukia. "Huyo ni Kalama anapiga!"

Akaja mbio, mzee mzima, akipita katikati ya viti, akamshika Munga mkono kwa mikono yake miwili. Changawa alikuwa amezima, akingoja.

"Bwana Munga. Ulikuwa naye wapi siku zote hizi?"

"Mzee Chengo, hii ni..."

"Umemtunza ndugu yangu." Chengo akauvuta mkono ule kifuani kwake. "Mimi sikumtunza. Alikuwa akipiga gitaa pale ng'ambo ya ua, na mimi nafunga dirisha nisimsikie. Sasa nimemsikia. Mungu akubariki, nimemsikia." Kisha akaanza kulia, kilio kikavu cha mtu asiyekijua, na wanawake wakakimbia kutoka jikoni kuja kuona.

Munga alikuwa na maneno yake tayari. Yalikuwa mdomoni. Alimtazama yule mzee aliyekuwa amemng'ang'ania mkono, na hakupata njia ya kuyasema bila kumuua Kalama mara ya pili mbele ya watu. Akayameza. Akasema tu, "Pole, mzee wangu."

Changawa hakungoja kuambiwa. "Jamani, jamani!" akapaza sauti. "Mpate kusikia! Ni yeye mwenyewe, mkono wake mwenyewe, marehemu Kalama! Simameni tumuage!"

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Siku ile walikosea. Kalama alijaa uani kuliko alivyopata kujaa akiwa hai. Wanawake walifunga leso viunoni, vijana wakaacha simu zao, na Chengo akacheza, machozi yakimtiririka, mikono juu, na watu wakamtunza noti kwenye shati kwa furaha ya kumwona amelia. Munga alikuwa amesimama kando ya spika. Alijiambia si neno. Kipande chake kilikuwa kinakuja; wakikisikia tu, yatosha, hata wasipojua ni cha nani.

Kikaja. Solo ikanyamaza, besi ikashuka, ngoma zikapungua, na rithimu ikabaki peke yake uwanjani. Wachezaji wakasita. Wengine wakashusha mikono, wakatazama spika. Changawa alidhani mitambo imemwaibisha, akanyakua kipaza sauti.

"Tuvumiliane, tuvumiliane, wimbo umekwama kidogo, ni mambo ya zamani hayo! Wakati tunangoja, mwenye gari, probox nyeupe, uliyeziba njia ya maji, tafadhali itoe. Na kina mama wanasema pilau iko tayari, wazee wataanza. Tena, aliyepoteza mtoto mwenye fulana nyekundu, mtoto yuko huku kwangu anakula muwa."

Aliendelea hivyo mpaka mwisho wa kipande. Munga alisimama pale na kusikia probox ya watu ikitangazwa juu ya roho yake. Solo ilipolipuka tena, uwanja ukapiga kelele ya furaha. "Karudi! Kalama karudi!"

Munga akaondoka kando ya spika. Akazunguka nyumba, akapita masufuria, akaenda kusimama penye kuni ambapo hapakuwa na mtu. Rispa alimfuata. Alikuwa na mwiko mkononi na jasho usoni.

"Umeupiga lini?" akamuuliza.

"Nini, shemeji?"

"Usinichezee, Munga."

Munga akageuza uso kwenye kuni.

"Mimi nimeishi na mtu yule," Rispa akasema. "Kalama alikuwa hawezi kunyamaza. Kanisani anaongea. Usingizini anaongea. Akishika gitaa ndio usiseme. Mkono ni wake, nakubali. Lakini pale katikati amenyamaza kumpisha mtu. Kalama hakumpisha mtu hata mlangoni kwake." Akamtazama sawasawa. "Aliyepishwa ni nani?"

"Ni mimi, shemeji."

"Pale Changawa alipokuwa akibwata habari za magari."

"Papo hapo."

Rispa akaweka mwiko juu ya kuni. "Na magitaa mengine yote?"

"Yote ni mimi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, na Munga aliona kwamba amejua, kwamba yuko mtu mmoja duniani anayejua, na kifua chake kikafunguka mpaka akaogopa. Alitaka kumweleza kila kitu, kizibo cha soda, ile alasiri aliyogeuka nyuma. Lakini Rispa alikuwa ametazama uani, ambapo kilio na kicheko cha Chengo vilikuwa vikisikika pamoja.

"Yule tangu tuzike alikuwa hajalia," akasema. "Kwake hali chakula kikashuka, mkewe ameniambia. Leo ametoa. Akijua kwamba ni wewe, atakausha tena, na safari hii hakuna gitaa litakalomrudisha." Akarudisha macho kwa Munga. "Nakuomba jambo kubwa, Munga. Najua ni kubwa."

"Sitamwambia."

"Si yeye tu. Watu wana midomo."

"Sitamwambia mtu, shemeji."

Rispa akamshika bega, akaliacha. "Basi nisikizishe mimi. Kile kipande chako. Simu iko wapi?"

"Kwa Changawa."

Kabla hawajajua la kufanya, uani watu walianza kudai wimbo urudiwe, na ngoma zikaanza tena kutoka mwanzo. Rispa akainua mkono kuwanyamazisha wanawake waliokuwa wakiosha sahani kule upande wa masufuria. "Hebu kimya kidogo," akawaambia. "Kuna mahali nataka kusikia." Wakatulia. Walisimama wawili hao penye kuni, Rispa na mkono wake juu, Munga ameinamisha kichwa, na solo ikapanda, ikashuka, ikakoroma, ikakaribia katikati.

Ndipo sauti ya Chengo ikasikika juu ya kila kitu, nzito kwa machozi, yenye furaha.

"Hapo ruka, mwanangu! Peleka mbele anaporudi. Hapo hamna kitu."

Changawa akaruka. Gitaa la Kalama likalipuka, na uwanja wote ukaitikia kwa vigelegele.

Mkono wa Rispa ulikuwa bado juu. Alimgeukia Munga, mdomo wazi, na Munga akatikisa kichwa kumwambia si kitu. Kisha, kwa kuwa kila mtu alikuwa akipiga makofi na yeye peke yake amesimama na mikono mitupu, akaanza kupiga makofi pamoja nao, taratibu, kwenye mapigo, asije akamharibia mtu wimbo.